Benchi la Nyuzi Sitini

Yai lilikuwa bichi. Hilo ndilo lililomuuma Laryea kuliko yote. Lingekuwa la kuchemsha lingedunda, likaviringika, watu wakacheka kidogo na kusahau. Lakini lilikuwa bichi, na lilipasukia juu ya mguu wake wa kulia mbele ya mji mzima wa Teshie. Ute ukapenya katikati ya vidole, na kiini kikabaki kimekaa juu ya kidole gumba, kizima, cha manjano, kama mgeni aliyepewa kiti.

Ilikuwa Jumamosi ya mashindano ya watunisha misuli, yale yanayofanyika uwanja wa shule wiki moja baada ya Homowo, watu wakiwa bado wameshiba sikukuu na wanatafuta cha kuchekea. Jukwaani walikuwa wamebaki wawili: Laryea, fundi wa kuchomelea vyuma, na Okpoti, muuza vipuri vya magari, mwanamume mwenye mdomo mrefu kuliko mikono yake. Waamuzi walikuwa wanakuna vichwa, hawajui wampe nani. Ndipo Okpoti akamwita muuza mayai aliyekuwa akipita chini ya jukwaa, akachukua moja kwenye trei, akaegemea nyuma kidogo, akavuta pumzi na kuliweka yai chini ya mtulinga, pale juu ya kifua palipojaa kama ukingo wa dirisha. Akaachia. Yai likakaa. Akatembea nalo hatua nne, mikono kiunoni, huku akiwakonyeza akina mama wa mbele.

"Haya, kaka Laryea," akasema, "mgeni huyu anakuja kwako. Mkaribishe."

Angeweza kukataa. Mpaka leo anajiuliza kwa nini hakukataa. Kifua chake kilikuwa kinene, hakuna aliyebisha, lakini unene wote ulikaa chini. Kutoka kwenye chuchu kupanda mtulingani palikuwa pamelala tu, hapana nyama ya kushika hata vumbi. Okpoti akaliweka yai, nalo halikusita hata kidogo.

"Teremko!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mwamuzi mmoja ilibidi avue miwani afute machozi. Okpoti akapewa ushindi, na Laryea akapewa jina.

Jina la Teshie si kitu cha mchezo. Ukishavikwa, umevikwa. Kuna mzee mmoja pale pwani anaitwa Mbuzi kwa sababu babu yake aliuza mbuzi kiwete, na mbuzi mwenyewe alishaliwa miaka sabini iliyopita. Basi Laryea akawa Teremko. Watoto walimwita Teremko akienda kuoga. Wateja walikuja karakana kuuliza, "Teremko yupo?" Ile picha ya yai likianguka ilizunguka kwenye simu za watu mpaka shemeji yake wa Kumasi akapiga kumpa pole, huku anacheka. Kanisani mchungaji alisimama kutangaza waliochangia mlango mpya wa chuma, akasema, "Na ndugu yetu Tere... Laryea." Hata Dedei, dada yake anayeuza madonge ya mahindi, kenkey, njia panda, hakusalimika. "Nipe mbili na samaki, dada yake Teremko."

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Laryea hakupoa. Usiku ule ule wa mashindano, akiwa anajisugua mguu kwa sabuni kana kwamba yai lina sumu, alijiapiza mambo mawili. La kwanza, mwaka ujao yai litakaa juu ya kifua chake mbele ya watu wale wale. La pili, Okpoti atashuka jukwaani amebeba jina baya kuliko Teremko, na jina hilo litamfuata mpaka kaburini. Kati ya hayo mawili, nitasema kweli, la pili ndilo lililompa usingizi.

Akaanza na la kwanza. Alikwenda kwa Ataa Sowah, mzee aliyewafundisha wote wawili, yeye na Okpoti, katika jimu yake nyuma ya majiko ya kubanikia samaki. Vyuma vya pale vilikuwa gia za lori na saruji iliyomiminwa ndani ya makopo ya rangi, lakini mabingwa watatu walitoka humo.

"Ataa, nataka kujenga juu."

"Juu ya nini? Ya nyumba?"

"Ya kifua, Ataa. Huku." Akajigusa chini ya mtulinga.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Pale yai lilipokataa kulala? Mwanangu, kifua ni nyama moja. Ukisonga banku, unaweza kuivisha upande huu na kuuacha ule mbichi? Sukuma chuma, kula, lala. Umbo anagawa Mungu. Waone wale wawili." Akawaonyesha vijana waliokuwa wanabana tofali katikati ya viganja, mishipa imewatoka shingoni. "Mwaka wa tatu huu wanabana matofali ili wazibe ufa wa katikati ya kifua. Umezibika? Ufa ule mtu anazaliwa nao kama kitovu. Utabana mpaka tofali lizae."

"Mbona Okpoti ana nyama ya juu?"

"Kamuulize mama yake."

Laryea akatoka pale amefura. Mama yake! Alijua, haki ya Mungu alijua, kwamba mzee ana siri amempa kipenzi chake Okpoti na yeye amenyimwa. Wala hakuwa na ushahidi wowote, lakini mtu mwenye kinyongo haombi ushahidi, anaomba kuni tu.

Akaamua kutafuta mwenyewe. Fundi ni fundi. Alikata mabomba ya mraba, akachomelea benchi ambalo mgongo wake unainuka na kushikwa na pini, matundu matano, kutoka kulala chali mpaka karibu kukaa wima. Kila tundu alilijaribu kwa siku kadhaa. Asubuhi alikaa kitandani na kujibonyeza kifua kwa vidole viwili, kama mama anayetafuta jipu la mtoto, akisikiliza panauma wapi. Kisha akaandika kwa chaki kwenye ukuta wa karakana. Chali: panauma katikati. Nyuzi kumi na tano: katikati, na juu kidogo. Thelathini: juu! Hapo alipiga kelele peke yake, maana maumivu yalikuwa yamepanda mpaka chini kabisa ya mtulinga, mahali ambapo hapajawahi kumuuma tangu azaliwe. Arobaini na tano: nusu juu, nusu mabega. Sitini: kifua kimya, mabega yanalia.

Kumbe mzee alikuwa na nusu ya ukweli. Ufa wa katikati hata yeye Laryea aliujaribu kwa kila njia, ukabaki vile vile. Nyama ni moja, sawa, lakini nyuzinyuzi zake za juu zimening'inia kwenye mtulinga na za chini zimeshika kwingine, na ukijua pembe ya kuziita, zile za juu huitika zaidi. Hazitii amri kabisa, lakini huitika. Laryea akaweka pini yake kwenye thelathini na hakuitoa tena. Baada ya miezi mitatu Dedei alimwona akitoka kuoga, akamwambia, "Kaka, hapo juu pameanza kuwa na mtu."

Sasa sikia lililokuja. Siku moja ya vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, Okpoti mwenyewe akaingia karakana, meno yote nje.

"Teremko wangu! Hujambo?"

"Sijambo. Karibu."

"Huna kinyongo na mimi, sivyo? Ule ulikuwa mchezo wa jukwaani."

"Kinyongo cha nini bwana."

"Ndiyo maana nakupenda. Wewe mtu mzima." Akajikalisha juu ya mtungi wa gesi bila kukaribishwa. "Nataka benchi la mwinuko. Ataa ananiambia sina haja nalo, lakini nasikia huko mjini Accra kuna jamaa wanajenga juu ya kifua kwa mabenchi hayo. Sitaki wanikute nimelala."

"Mwinuko wa kiasi gani?"

"Sasa mimi muuza breki nitajua? Fundi ni wewe."

Laryea akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta chaki. Mungu alikuwa amemletea adui mlangoni, tena amekuja na miguu yake, tena anaomba.

"Ukitaka juu, inuka juu," akasema taratibu. "Mgongo usimame karibu kama kiti cha kinyozi. Kadiri unavyoinuka, ndivyo chuma kinavyotafuta nyama ya juu."

"Hiyo nimeielewa," Okpoti akasema, akapiga goti lake kofi. "Ina akili."

Ina akili! Ndivyo wanavyosema wajinga wa kila jimu, kutoka Teshie mpaka Takoradi, kwamba ukitaka juu uinuke juu, kana kwamba kifua ni ghorofa. Laryea akaokota chaki, akaandika vipimo.

Benchi lile alilitengeneza kwa siku tatu, na hakuna kazi aliyoifanya kwa mapenzi kama ile. Alisugua kila kiungo kwa msasa. Alishonesha mto wa ngozi nyekundu. Akalichomelea lisimame kwenye nyuzi sitini, bila matundu, bila pini, lisisogezwe na mtu hata kidogo. Alikuwa anapiga mluzi Dedei alipopita na beseni lake la kenkey tupu.

"Zuri hilo. La nani?"

"La Okpoti."

Dedei akatua beseni. Akalitazama benchi, akautazama ukuta wenye maandishi ya chaki, akalitazama benchi tena. Shule aliacha mapema lakini kusoma hakusahau.

"Kaka. Hili ni sitini."

"Ndiyo."

"Na pale ukutani umeandika sitini ni mabega matupu."

"Ndiyo."

"Mwaka mzima mtu asukume chuma kwa bure? Na bega likimtoka je?"

"Na litoke!" Laryea akatupa msasa chini. "Litoke, apasuliwe, ashindwe hata kujifunga kifungo. Nataka asimame jukwaani, yai limdondoke mguuni, na mimi nisimame pembeni nimtazame usoni. Hicho tu. Sitaki kingine duniani."

"Lakini lilikuwa yai tu, Laryea."

"Lilidondokea mguu wako?"

"Halikudondokea mguu wangu. Lakini mimi ndiye dada yake Teremko, asubuhi mpaka jioni, wateja mia. Na bado mimi nisingefanya hivi." Akajitwisha beseni lake, akaenda zake. Wiki mbili nzima alimpa kaka yake kenkey bila pilipili.

Okpoti alilibeba benchi lile kwa furaha, likawekwa uani kwake, na uani kwake ni ukuta mmoja tu na karakana. Miezi ikapita. Ulipofika ule mwezi wa kunyamaza kabla ya Homowo, ngoma zikafungwa, makanisa yakazima spika, na hata kwa Ataa Sowah vyuma vilitandikiwa magunia visigonge. Mji ukatulia mpaka ukawa unasikia mtu akipiga chafya mtaa wa pili. Kila alasiri, ng'ambo ya ukuta, Laryea alisikia mnyororo wa vyuma vya Okpoti ukilia kidogo na pumzi zake zikipanda na kushuka.

Alikaa kwenye kigoda chake, bakuli la waakye, wali wa maharage, mapajani, akihesabu. "Kumi na moja. Mabega. Kumi na mbili. Mabega. Kumi na tatu. Mabega, mjinga wewe, sukuma." Chakula kilimshuka vizuri kuliko siku zote. Siku moja alisikia Okpoti akiguna, "Aaa, bega langu," na Laryea akalamba vidole akafunga macho kwa raha. Naye akimaliza kula na kupumzika, alikwenda kwenye benchi lake la thelathini na kusukuma kimya kimya, meno yameuma kitambaa.

Homowo ikaja. Kpokpoi ya unga wa mahindi ikapikwa, mchuzi wa mawese ukamwagiwa, njaa ikazomewa kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo. Kesho yake asubuhi ni ile ya kusalimiana, watu wanakwenda mlango kwa mlango kuombeana uhai, na aliyekosana na mwenzake humaliza siku hiyo, maana ugomvi hauvushwi mwaka. Laryea alikuwa amekaa mlangoni anapokea wajomba na mashangazi alipomwona Okpoti anakuja, amejitanda kitambaa kikubwa cha sikukuu kutoka shingoni mpaka miguuni. Hakuwa anacheka. Hilo lilikuwa geni.

Wakaombeana uhai kama desturi. Dedei akaleta maji. Okpoti akakaa kwenye benchi la wageni, gilasi mkononi.

"Kaka Laryea," akasema, na wala hakusema Teremko. "Leo ndiyo siku yake. Kama kuna neno kati yetu, tulitoe tuliache mwaka jana."

Dedei alikuwa amesimama kizingitini na mtungi. Laryea aliyaona macho yake, yanamwomba. Sema, kaka. Sema sasa.

"Hakuna neno," Laryea akasema.

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Sisi ndugu."

Okpoti akamtazama zaidi ya inavyostahili mgeni kumtazama mwenyeji. Kisha akamaliza maji yake, akashukuru, akaondoka. Laryea akajipiga paja. "Umemwona? Anaogopa! Amejitazama kwenye kioo akaona juu ya kifua hakuna jipya, sasa anatafuta huruma." Dedei akaingia ndani na mtungi wake.

Jumamosi ile uwanja wa shule ulijaa mpaka watu wakapanda kwenye mapaa ya madarasa. Na muuza mayai, bila kuitwa na mtu, alikuwa amekaa mbele kabisa na trei mbili, amevaa nguo mpya. Mchujo ukapita, wakatolewa wanane, wakatolewa wanne, na kama watu walivyotaka, wakabaki wale wawili. Okpoti alikuwa amejifunga kitambaa chake cha sikukuu mabegani mashindano yote, akionyesha tu mapaja, tumbo na mgongo wa chini, na waamuzi wakadhani ni vituko vyake.

"Yai! Yai! Yai!" uwanja ukaanza.

Laryea akatangulia. Akajichagulia yai mwenyewe, akalitikisa sikioni ahakikishe ni bichi. Akaegemea nyuma kidogo, akajaza pumzi, akaliweka chini ya mtulinga wake, mahali alipopalima miezi kumi na moja kwa nyuzi thelathini. Akaachia.

Likakaa.

Halafu kelele ambayo haijasikika Teshie tangu ngoma zilipofunguliwa. "Limekaa! Teremko limekaa!" Laryea akatembea hatua nne. Akaongeza ya tano, kwa dharau. Machozi yalikuwa yanamlenga na hakuyaficha. Akawaona wale wale waliocheka, mwamuzi yule yule wa miwani, wote wanapiga makofi. Angeweza kushuka pale pale na kwenda nyumbani mtu mzima. Lakini lile la pili lilikuwa bado.

Akaliondoa yai kifuani akalishika kwa vidole viwili, akamgeukia Okpoti na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka mapaani, "Kaka Okpoti, mgeni wako anarudi nyumbani. Mkaribishe."

"Karibu mgeni," Okpoti akasema, na akakiachia kitambaa kikaanguka.

Lo! Mabega. Laryea hakuwahi kuona mabega kama yale kwa mtu, labda kwa fahali wa kule kaskazini. Yalikuwa yametoka pande zote mbili mviringo, yamejaa, yana michirizi, yamekifanya kiuno chake kionekane cha msichana. Mwaka jana Okpoti alikuwa na kifua kizuri kilichotundikwa kwenye henga ya waya ya kutundikia nguo. Sasa mtu alikuwa amekamilika.

Okpoti akaliweka yai kifuani, pale pale pa mwaka jana. Likakaa, maana pale hapakuwahi kuwa na shida tangu alipozaliwa. Akanyoosha mkono kwa muuza mayai. "Mama, niongeze mawili." Akainua mikono kidogo pembeni, mabega yakajikunja yakatengeneza viota viwili kando ya shingo, na akaweka yai moja kulia, moja kushoto. Mayai matatu. Akatembea hatua nne, akageuka, akarudi hatua nne, hakuna hata moja lililotikisika.

Sina haja ya kusimulia kelele. Watu wawili waliteleza kutoka juu ya paa la darasa la nne na kuinuka wanaendelea kupiga makofi. Waamuzi hawakukuna kichwa mwaka huo. Okpoti akavishwa utepe, akapewa kipaza sauti, na Laryea akabaki amesimama pembeni, mikono haina pa kwenda.

"Watu wa Teshie," Okpoti akasema, "kifua hiki ni cha mama yangu, yule pale, mpigieni makofi. Nilizaliwa nacho. Lakini mabega haya yana baba mwingine. Mabega haya ni ya fundi Laryea! Alinichomelea benchi kwa mikono yake, benchi la nyuzi sitini, na aliliacha pale pale sitini, bila pini, ili nisidanganyike nikaliteremsha. Nani amewahi kuwa na fundi kama huyo? Basi kuanzia leo nisimsikie mtu akimwita Teremko. Mwiteni Sitini!"

"Sitini!" uwanja ukaitikia. "Sitini! Sitini!"

Okpoti akamfuata, akamkumbatia kwa ile mikono mizito. Watu waliona ndugu wawili. Laryea alisikia pumzi sikioni.

"Nililipima siku ya pili," Okpoti akanong'ona, "kwa kipima pembe cha shule cha binti yangu. Nikataka nije nikuvunjie nalo kichwa. Ataa akanizuia. Akaniambia, mwenye chuki amekupa ulichokosa, libaki, likalie. Nikalikalia." Akamkaza zaidi. "Asubuhi ile ya sikukuu nilikuja na radhi ya lile yai, kaka. Nilikuwa nimepanga, ukikiri la benchi, niirudie hapa, jukwaani, mbele ya wote. Nilikuuliza mara mbili."

Akamwachia, akamwinua mkono juu kama mshindi mwenzake, na uwanja ukaliita tena lile jina.

Jumatatu asubuhi Laryea alifungua karakana akakuta watu sita mlangoni, wengine wametoka mji wa La, wengine Nungua. Wote wanataka benchi. Akawaambia kwamba la thelathini ni bora kwa kifua, akawaonyesha ukuta, akajifungua shati awaonyeshe na chake. Hawakutaka kusikia. Walikuwa wameyaona mayai matatu.

"Tufanyie kama la Okpoti," mmoja akasema. "Usitubanie, fundi Sitini. Wewe si mtu wa roho mbaya, tumemsikia mwenyewe akikusifu."

Laryea akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale, lile lile alilokataa kulitoa asubuhi ya sikukuu. Sitini ni chuki yangu, enyi watu. Lakini nani analisema neno hilo mbele ya wateja sita, Jumatatu, na jua limeshatoka?

Dedei alikuwa anapita na beseni la kenkey ya moto kichwani. Alisimama. Njia nzima kutoka nyumbani alikuwa ameitwa dada yake Sitini, na kila aliyemwita alimtabasamia.

"Sitini!" yule mteja akaita tena, kwa heshima, kama anaita chifu. "Fundi Sitini!"

"Itika, kaka," Dedei akasema. Hakuwa anacheka. "Wanakuita."

"Naam," Laryea akaitika, akaokota chaki na kuwauliza wanataka mto wa rangi gani.